Dawa zilizoisha muda, sindano za insulini, krimu na makopo ya pafyumu: mtu wa Mtwara avitupe wapi?

Bi Ukili

Kuchele wakuu. Naomba majibu ya kueleweka, maana kila anayeulizwa hapa mtaani anasema "choma" au "tumbukiza chooni".

Nyumba iko Chikongola. Choo ni cha shimo, kisima cha jirani kiko hatua kama 25 kutoka chooni, na gari la taka linapita mara moja kwa wiki. Kabatini kumekusanyika haya: vidonge vya kila namna (mseto wa malaria wa mtu mzima uliobaki vidonge 8, amoksilini, flajili, dawa za presha za mgonjwa aliyebadilishiwa), chupa tatu za sirapu ya watoto, matone ya macho, chupa ya morfini ya maji ya marehemu aliyekuwa na saratani, sindano za insulini zilizotumika zimejaa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, pampu mbili za pumu, kipimajoto cha kioo chenye zebaki, na mashine ya kupimia sukari iliyokufa. Upande wa urembo kuna rilaksa nusu kopo, rangi za kucha, pafyumu ya zamani, makopo ya kupulizia kwapani, piko, na krimu mbili za kung'arisha zisizo na jina la kiwanda. Pampasi na pedi ni za kila siku.

Kipi kiende na gari la taka, kipi kirudishwe na wapi, kipi kisiguswe?

Kokwa

Chimba shimo futi tatu nyuma ya nyumba, mwaga mafuta ya taa, washa kiberiti. Mnajitesa bure.

Kaunta ya Kusini

Kokwa, ukiuchoma mzigo huo vya kwanza kukurukia usoni ni makopo ya kupulizia na pampu za pumu, maana vyote viwili vina gesi iliyoshindiliwa. Zebaki nayo haiungui hata kidogo: inageuka mvuke, na mvuke ndio unaoingia mapafuni. Karatasi za vidonge ni plastiki ya PVC iliyobandikwa alumini. Kwenye moto hafifu zinatoa moshi wenye asidi pamoja na sumu za dioksini. Shirika la Afya Duniani linataka dawa zichomwe kwenye joto lisilopungua nyuzi 850 za Selsiasi, moshi ukibanwa sekunde mbili kwenye chumba cha pili cha tanuri. Shimo la mafuta ya taa haliwezi hayo, na lina sehemu za moto na sehemu baridi, kwa hiyo nusu ya vidonge unavikuta vizima chini ya majivu siku ya pili, na kuku wanavichakura.

Bi Ukili, anza kwa kutenga. Morfini iondoke kwanza, leo ikiwezekana. Hiyo ni dawa inayohesabiwa. Irudishe kwenye hospitali au kliniki iliyoitoa ikiwa ndani ya chupa yake yenye lebo, pima ujazo uliobaki kwa bomba la sindano, uandike, na mpokeaji asaini mbele yako. Usimpe mgonjwa mwingine hata kama ana maumivu yaleyale. Kipimo cha mtu aliyezoea morfini kwa miezi kinaweza kumzuia pumzi asiyeizoea. ARV na dawa za kifua kikuu zikibaki, nazo zirudi kliniki zilikotoka, hazichanganywi na mengine.

Kisha soma tarehe. EXP 06/2025 maana yake dawa ni nzima mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa 6, si tarehe 1. Lakini tarehe hiyo inahesabika kama dawa imekaa chini ya nyuzi 30 na bila unyevu. Kabati lililo chini ya bati Mtwara mwezi wa 12 linapita hapo. Ndiyo sababu duka la dawa halipokei vidonge vyako ili limuuzie mwingine hata vikiwa bado: hakuna anayejua vililala wapi. Matone ya macho yakifunguliwa mwisho wake ni siku 28. Sirapu ya amoksilini iliyokwisha kuchanganywa na maji ni siku 7, baadhi 14 kama iko kwenye friji. Tetrasaikilini iliyooza ni mbaya zaidi, imewahi kuharibu figo za watu, hivyo isibaki kabatini kwa matumaini.

(Pembeni kidogo: mseto wa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kutwa mara mbili kwa siku 3. Vikibaki 8 ni kwamba kuna mtu alijisikia nafuu siku ya pili akaacha. Tatizo la kutupa dawa linaanzia hapo.)

Vidonge vya kawaida visivyo na pa kurudi vitupwe hivi. Vitoe kwenye karatasi zake na chupa zake, viweke kwenye kopo gumu lenye kifuniko, kopo tupu la siagi la kilo moja linatosha. Usivisage. Watu wengi hudhani kusaga ndiko kuharibu, kumbe unatengeneza vumbi la dawa unalivuta mwenyewe, na mwenye mzio wa penisilini anaweza kuanguka hapohapo. Mwagia udongo mbichi, majivu yaliyopoa au machicha ya majani ya chai, angalau mara mbili ya ujazo wa dawa, ongeza maji kidogo ukoroge kwa kijiti mpaka iwe kama uji mzito unaotia kinyaa. Hicho kinyaa ndicho kinachotakiwa: mtoto asione pipi, mwokota makopo asione mali. Funga kifuniko, zungushia tepu, tia kwenye mfuko usioonyesha ndani, na mkabidhi mtu wa gari asubuhi ya siku yenyewe. Usiuweke nje usiku, mbwa wa Chikongola unawajua.

Sirapu za dawa usimwage chooni. Mimina taratibu kwenye pampasi mpya moja, ile punje ya ndani inakunywa chupa zote tatu na kugeuka jeli. Ifunge, iingie kopo lilelile. Vinavyoweza kumwagwa na maji mengi bila wasiwasi ni ORS, maji ya chumvi ya dripu na glukosi, basi.

Maboksi yachanwe penye jina la mgonjwa na namba ya faili. Chupa na vikopo vya vidonge na sirapu toa lebo, toboa au kata kabla ya kutupa. Kopo zima lenye lebo safi lina mnunuzi wake, anayejaza vitu vyake na kukuuzia tena.

Kwa wenye maduka ya dawa muhimu wanaosoma hapa: utaratibu huu si wenu. Zenu zinatengwa kwenye boksi lililoandikwa kuwa haziuzwi, zinaorodheshwa jina, kiasi na namba ya toleo, mnaandikia TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kupitia ofisi ya Kanda ya Kusini au mfamasia wa halmashauri, na uteketezaji unasimamiwa kwa gharama ya mwenye dawa. Pasipo na tanuri, njia inayokubalika ni kuzizika ndani ya zege: pipa linajazwa dawa mpaka robo tatu, linamiminiwa mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji kwa uzito wa 15:15:5, linazibwa kwa kuchomelewa. Kufanya hivyo nyumbani kwa kopo la rangi na saruji iliyobaki kwenye ujenzi hakufai.

Afisa Ndoo

Naongezea ya choo, sindano na pampasi.

Watu wanachukulia shimo la choo kama kaburi: kilichoingia kimekwisha. Udongo wa Mtwara mjini ni mchanga, na Lindi sehemu nyingi ni jiwe la matumbawe lenye nyufa. Maji yanapita humo kama kwenye chujio la tui. Kipimo cha kawaida ni choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5. Hatua 25 za mtu mzima ni mita 18 hivi, kwa hiyo kisima cha jirani tayari kiko karibu mno, na kuanzia mwezi wa 1 hadi wa 4 maji ya ardhini yanapanda kulifuata shimo. Antibayotiki ikiingia humo inakutana na mabilioni ya vijidudu vya kinyesi kwa dozi ndogo isiyoua, na hivyo ndivyo usugu unavyofugwa. Kisha vijidudu hivyo vinaelekea kisimani. Jirani akichemsha maji ataviua vijidudu, lakini dawa nyingi hazitoki kwa kuchemsha.

Msifukie dawa uani pia. Futi tatu za Kokwa ni kina ambacho kuku hafiki lakini mvua inafika.

Sasa sindano. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, sindano inatoboa ubavu mtu akiibana kidogo. Lakini usijaribu kuzihamisha moja moja. Sindano 100 zinazomwagwa mezani ni nafasi 100 za kujichoma. Itumbukize chupa yote kama ilivyo ndani ya chombo kigumu zaidi: ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana, au kata mdomo wa dumu gumu la sabuni, ingiza, kisha funika kwa kipande kingine cha dumu na tepu pana mara tatu. Andika kwa kalamu ya wino mzito: SINDANO, USIFUNGUE. Peleka zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na umwone kwanza mhusika wa chumba cha sindano, usiiache benchi la nje. Wana sefti boksi za lita 5 zinazobeba sindano zisizozidi 100 kila moja, na zinafungwa zikifika robo tatu kwa sababu robo ya juu ndipo watu wanapojichoma wakisukumiza.

Kwa zitakazofuata, weka dumu tupu la jiki au la sabuni ya maji kando ya mahali unapochomea. Sindano ikitoka mwilini inaingia humo moja kwa moja, ncha ikitangulia. Isirudishiwe kofia kwa mikono miwili, isikunjwe, isivunjwe. Vijiti vya kutobolea kidole navyo ni humohumo. Viwembe vya kunyolea vipate kopo lao la bati lililochanwa tundu juu kama kibubu. Vikijaa ponda tundu lifumbe.

Mtu akichomwa na sindano ya mwingine: sabuni na maji yanayotiririka, usiminye, usinyonye, usitie spiriti. Aende kituo cha afya saa hizohizo. Dawa ya kinga ya VVU ina mwisho wa saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Aulizie na chanjo ya homa ya ini B.

Pampasi: kinyesi kikung'utwe chooni kwanza, pampasi ikunjwe upande mchafu ukiwa ndani na kufungwa kwa gundi zake, iingie kiroba cha taka. Ikitumbukizwa chooni inavimba, shimo la miaka kumi linajaa kwa mitatu, na gari la kunyonya likija bomba linaziba. Mpakua choo anayeingia kuzitoa kwa mkono ndiye anayekutana na sindano na viwembe. Wapo wanaoogopa kuziweka kwenye taka zitakazochomwa wakiamini mtoto ataungua makalio, ndiyo maana mnazikuta vichakani na kwenye korongo. Mwenye imani hiyo akizifunga zikaenda dampo la Mangamba hazipiti motoni kwake. Pedi ni vivyo hivyo, gazeti na kiroba, maana sehemu yake kubwa ni plastiki. Anayetaka kupunguza kabisa, pedi za kitambaa zinalowekwa maji baridi kwanza (ya moto yanagandisha damu kwenye uzi), zinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani waziwazi, si chini ya kanga pembeni ya kitanda ambako hazikauki.

Bi Ukili

Nimewaelewa, shukrani sana. Chupa ya sindano sikuifungua. Kipimajoto bado kizima lakini kiko kwenye droo ya watoto. Na kikivunjika? Sakafu ni saruji yenye nyufa na juu yake mikeka.

Fundi Vipimo

Kitoe droo hiyo sasa. Angalia kwanza kama ni zebaki kweli: mstari mwekundu, wa buluu au wa kijani ni spiriti iliyotiwa rangi, hauna shida kubwa. Mstari wa kufedha unaong'aa uchukulie ni zebaki, ingawa vipo vya mchanganyiko wa galiamu vinavyofanana navyo. Cha zebaki kina gramu moja hivi au pungufu. Kifunge kwenye soksi, kiingie chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko, iandikwe ZEBAKI.

Kikivunjika, watoto, paka na kuku watoke nje, fungua madirisha ya upande wa nje, funga mlango wa ndani. Vua pete na bangili za dhahabu, maana zebaki inaishika dhahabu na kuila. Usichukue ufagio. Ufagio unaivunja chembe moja kuwa mia na kuzipeleka pembe zote, na ufagio wenyewe unabaki na sumu. Zima taa, shika tochi chini kabisa sambamba na sakafu: kila chembe itametameta. Okota vioo kwa glavu. Kwa kadi mbili ngumu sukuma chembe zikutane, zinajiunga zenyewe, kisha zivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano na uzitie kwenye chupa ya kioo yenye maji kidogo. Maji yakizifunika mvuke unapungua sana. Vidogo visivyovutika vibandue kwa tepu.

Kwenye nyufa ndipo sisi wa Kusini tuna bahati, kwa sababu salfa ya mikorosho haikosekani. Salfa ya unga ikikutana na zebaki inaungana nayo polepole na kuwa kitu kisichotoa mvuke kirahisi. Nyunyiza vijiko viwili vitatu vya chakula kwenye nyufa, acha usiku kucha, unga wa njano ukigeuka kahawia hapo kuna zebaki imeshikwa. Futa kwa karatasi iliyoloana, karatasi hiyo na tepu viingie chupani vyote. Kanuni ni kuokota kwanza na salfa baadaye. Salfa juu ya tone zima inavisha tone ngozi tu, ndani linabaki vilevile. Na msiwashe moto karibu, salfa inaungua na moshi wake ni mkali kwa mapafu.

Mkeka hausafishiki. Chembe zinajificha kati ya ukili na ukili, na kuupiga nje kunazitawanya. Kata kipande kilichoguswa na mkono mmoja wa ziada kila upande, kifunge. Nguo iliyoguswa usiifue na nyingine.

Chupa ya zebaki haiendi na gari la taka. Ni taka hatarishi: mwone afisa afya wa kata, au ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) Kanda ya Kusini ambayo iko hapahapa Mtwara. Vipimajoto vya zebaki vilipangiwa mwisho wa kutengenezwa na kuuzwa nje mwaka 2020 chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, kwa hiyo utakaponunua kingine chukua cha betri.

Na hiyo betri isikuponyoke. Mashine nyingi za sukari zinatumia betri bapa ya CR2032 kama shilingi. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama haiwashi mashine tena. Itoe, bandika tepu pande zote mbili ili isigusane na chuma, iweke kwenye kopo la betri mbovu. Vipande vya kupimia damu vilivyotumika ni vya kiroba, mashine yenyewe fundi simu anaweza kuitaka kwa spea.

Pampu ya pumu: kuitikisa au kuitia majini uone kama inaelea hakuonyeshi kama dawa imekwisha. Salbutamoli kwa kawaida ni mibonyezo 200, hesabu kwa kalenda. Iliyoisha isitobolewe wala kuchomwa, na hakuna haja ya kuibonyeza hewani mpaka imalizike, gesi yake inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito huohuo. Irudishe na sindano kituo cha afya. Wakikataa, kijumba cha plastiki kioshwe, kikopo cha chuma kiende na gari.

Mama Sega

Upande wa saluni naujibu mimi.

Hizo krimu mbili zisizo na jina, bi, ndizo mbaya kuliko piko na rilaksa kwa pamoja. Soma maandishi madogo: calomel, mercuric, mercurio, au alama Hg. Dalili nyingine ni onyo la kutoigusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini. Krimu ya mafuta tu isingejali bangili. Kama haina maandishi kabisa ichukulie ina zebaki. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku kwenye vipodozi nchini, na mkorogo mwingine huwa umetiwa klobetasoli, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Usioshe kopo, usimpe mtu, lifunge kwenye mifuko miwili na liende safari moja na chupa ya Fundi Vipimo. Taulo na foronya za aliyekuwa anaipaka nazo zina zebaki. Anayeacha klobetasoli baada ya miezi mingi asiache ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, ngozi hulipuka. Anayeuza mkorogo aripotiwe TBS (Shirika la Viwango), vipodozi viko kwao tangu 2019. Krimu yenye dawa ni ya TMDA.

Rilaksa ya kopo moja mara nyingi ni sodiamu haidroksaidi, babu mmoja na dawa ya kuzibua mabomba. Isihamishiwe kwenye kopo wala sufuria ya alumini, inaila na kutoa haidrojeni. Iliyobaki kama haijakauka na haijapitwa, mpe msusi anayeitumia. Iliyoharibika funga kifuniko chake, tepu, kiroba. Glavu na miwani wakati wa kuigusa.

Piko na rangi za nywele za boksi: poda kavu inafungwa na kutupwa. Iliyokwisha kuchanganywa na oksijeni, yaani haidrojeni peroksaidi, usiifunge kabisa. Inaendelea kutoa gesi na chupa itapasuka usiku. Iache wazi kivulini mpaka itulie, ilowe kwenye majivu, itupwe. Wala usimwage jiki juu yake. Rangi nyingi zina amonia, na jiki na amonia ni moshi wa kukaba koo. Chooni penye mkojo mwingi ni hivyohivyo.

Rangi za kucha chache: nje, kivulini, mbali na jiko, zimwage nyembamba juu ya kipande cha boksi, kesho yake zimekuwa ganda, zitupe. Pafyumu iliyochacha ni spiriti, usiitupe: inatoa gundi ya lebo kwenye zile chupa mlizoambiwa mzitoe lebo. Makopo ya kupulizia tumia mpaka hewa iishe, yaende na gari, na ukimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu mwambie asipige nyundo.

Ili kabati lisijae tena, angalia alama ya kikopo kilichofunguliwa kifuniko, ndani yake 6M au 12M, ndiyo miezi ya kutumia baada ya kufungua. Andika tarehe chini ya kopo kwa kalamu ya wino siku ya kwanza.

Kokwa

Haya, nimeweka kiberiti chini. Mgeni akiacha losheni ya jua huku Msimbati, je? Nusu chupa, imeshika joto la gari wiki nzima.

Mama Sega

Ikijitenga mafuta juu na maji chini haikingi tena. Usiisuuzie baharini, Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Soma kama ina oxybenzone au octinoxate, ndizo Hawaii ilizozuia kuuzwa kwa sababu ya matumbawe kuanzia Januari 2021. Ikamulie kwenye majivu, funga, kiroba. Chupa ikate katikati, ifute kwa gazeti, wanunuzi wa plastiki wanaichukua ikiwa kavu.

Bi Ukili

Swali la mwisho: zahanati ikisema haipokei sindano za nyumbani?

Afisa Ndoo

Usiondoke nazo mpaka umwone mganga mfawidhi, mara nyingi anayekataa ni wa mlangoni. Zahanati isiyo na kichomea taka hupeleka sefti boksi zake kituo kikubwa. Omba yako iunganishwe na safari hiyo, au uambiwe siku yake uilete. Ikishindikana nenda kliniki ya kisukari anakohudhuria mgonjwa, pale wanamjua na wanajua anachoma mara ngapi. Mpaka hapo ndoo ikae juu ya kabati penye kivuli, tepu ikiwa haijaguswa.